Mazoezi ya Viungo: Uje Mara Ngapi, Uache Lini?

Katika chumba changu cha fiziotherapia hapa Tanga, mgonjwa mpya akishaketi huuliza mambo mawili kabla sijamgusa. La kwanza: "Nije mara ngapi?" La pili: "Itachukua muda gani?" Kilichoharibika ndani ya goti lake haulizi, maana daktari amekwisha kumweleza na picha ya eksirei anayo kwenye bahasha. Anachouliza ni nauli. Anauliza banda lake la mama lishe litafungwa siku ngapi, bodaboda yake ataikabidhi kwa nani, na bima italipa mpaka wapi.

Ni swali la haki, nami nimeulizwa tangu nilipotoka chuoni KCMC, Moshi, mpaka leo. Ila silijibu kwa namba papo hapo. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Kwangu mimi huulizwa kila kitu. Unalala kitandani au godoro liko chini? Choo chako ni cha kukaa au cha kuchuchumaa? Unasujudu sakafuni bado, au umeanza kuswali kitini? Nani anakuna nazi nyumbani? Kisha namwambia asimame, atembee mpaka mlangoni, apande ngazi za barazani na kushuka. Nikishayaona hayo ndipo namba inapopatikana, na mara nyingi huwa ndogo kuliko alivyohofia.

Wengi huja wakiamini kwamba mazoezi ya viungo ni kama sindano: umeandikiwa kumi, ukimaliza kumi umepona. Kumbe siku ya kliniki kazi yake ni kupima, kufundisha na kubadili mazoezi. Mwili hujijenga siku zile nyingine, ukiwa kwako. Kwa hiyo mpango wa ziara hutegemea mambo matatu: ni sehemu gani ya mwili iliyoumia, imeumia tangu lini, na unataka kurudi kufanya nini.

Mfupa una muda wake, msuli una wake

Hakuna zoezi linaloweza kuruka muda wa mwili kujiunga. Mfupa uliovunjika karibu na kiwiko cha mkono, pale chini penye saa, kwa mtu mzima huunga kwa takriban wiki 6. Mfupa wa muundi, ambao ajali za bodaboda zimetuletea kwa wingi, huchukua wiki 12 au zaidi, na mvutaji sigara huchelewa kuliko mwenzake. Kano, zile kamba ngumu zinazoshika msuli kwenye mfupa, hupata damu kidogo, kwa hiyo huponea kwa miezi.

Msuli nao una mambo yake. Ukianza leo kunyanyua uzito, wiki za mwanzo utaona nguvu inaongezeka ingawa msuli haujanenepa. Hapo ubongo na neva ndivyo vinavyojifunza kuutumia msuli uliopo. Kunenepa kwenyewe, kiasi cha tepu ya fundi cherehani kuonyesha tofauti, huhitaji wiki 6 hadi 8, na mara nyingine zaidi. Sasa fikiria mtu anayekuja kila siku kwa wiki mbili, akapata nafuu, akaacha. Paja lililonyong'onyea ndani ya hogo bado ni lile lile jembamba, na siku atakayobeba ndoo ya maji ndipo atakapojua.

Kutokana na hayo kuna ratiba mbili ndani ya mgonjwa mmoja. Mazoezi ya kunyoosha na kukunja kiungo kilichokakamaa hutakiwa kidogo kidogo lakini mara nyingi, kila siku. Mazoezi ya nguvu, yale ya kunyanyua uzito mpaka msuli uchoke, hutosha mara 2 au 3 kwa wiki, na katikati iwepo siku ya kupumzika ili msuli ujijenge. Watu huyageuza. Ya kunyoosha huyangojea mpaka siku ya kuja kwangu. Ya nguvu huyafanya asubuhi na jioni kwa bidii, goti likavimba, wakasema mazoezi yamewadhuru.

Tanga ni mji wa adhana, na nimeitumia. Wagonjwa wangu wanaoswali huwapangia kukunja na kunyoosha goti kila baada ya sala, dakika tano tu, wakiwa bado juu ya mkeka. Hapo nimepata mara tano kwa siku bila kumwekea mtu kengele ya simu. Wengine tunafunga zoezi kwenye chai ya asubuhi, kurudi kutoka sokoni na taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

Mara kumi, mizunguko mitatu

Ukipewa karatasi ya mazoezi popote duniani, huenda imeandikwa: mara kumi, mizunguko mitatu. Mwenye mkono mkubwa katika jambo hilo ni Thomas DeLorme, daktari wa jeshi la Marekani aliyekuwa akiwatibu askari majeruhi katika hospitali ya jeshi mjini Chicago wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Zama hizo aliyefanyiwa upasuaji wa goti alipewa mazoezi mepesi ya kurudia rudia. DeLorme, ambaye ujanani alijijenga kwa vyuma baada ya kuugua homa ya baridi yabisi, aliwapa askari uzito wa kweli, uliopanda kadiri nguvu zilivyopanda. Mwaka 1945 aliandika juu ya utaratibu wake: mizunguko 7 hadi 10, kila mmoja mara 10. Mwaka 1948, akiwa na mwenzake Arthur Watkins, aliipunguza ikawa mitatu. Walikuwa wameona kwamba mingi ile haikuwa ya lazima.

Nawasimulia habari hii wagonjwa wanaodhani wingi ndio dawa. Wanaobisha nawaongezea ya kisigino. Mwaka 1998 daktari wa mifupa wa Sweden, Håkan Alfredson, alieleza zoezi la watu wanaoumwa kano ya kisigino: unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, unashusha kisigino polepole. Dozi yake ilikuwa mara 180 kwa siku, siku 7 kwa wiki, kwa wiki 12. Lilisaidia wengi, nalo likaenea. Lakini mwaka 2015 watafiti wa Denmark waliulinganisha utaratibu huo na mwingine wa uzito mkubwa, unaofanywa polepole mara 3 tu kwa wiki. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawa. Tofauti ilikuwa katika utii: wa mara 3 walifanya asilimia 92 ya mazoezi waliyopangiwa, wa kila siku asilimia 78.

Mimi nikisoma takwimu kama hiyo naiona sura ya mshona viatu wa Ngamiani, mwenye watoto wanne na kazi inayomkalisha tangu alfajiri. Nikimpa mazoezi manane ya kila siku atayafanya siku mbili. Nikimpa mawili ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, atayafanya mpaka mwisho. Kwa hiyo karatasi ninayoandika haizidi mazoezi matatu.

Wanaohitaji ziara chache

Aliyeteguka kifundo cha mguu uwanjani, au aliyeamka na maumivu ya kiuno baada ya kubeba gunia, kwa kawaida hahitaji kunizoea. Maumivu mengi ya kiuno ya ghafla hupungua sana katika wiki chache, madhali mtu haendi kulala kitandani akisubiri yaishe. Siku ya kwanza namchunguza, namweleza kwamba kutembea hakumvunji uti wa mgongo, namfundisha mazoezi mawili na namna ya kuinuka. Tunaonana tena baada ya wiki moja au mbili. Wengi huishia ziara ya tatu au ya nne.

Hapa nitie onyo. Kiuno kinachoambatana na ganzi ya makalio na sehemu za siri, kushindwa kuzuia mkojo au kuutoa, au miguu yote kulegea, hakiji kwangu. Kinakwenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Mwenye homa, au anayekonda bila sababu huku mgongo ukimuuma hata akiwa amelala, aanze kwa daktari.

Mwingine ambaye simwiti mara kwa mara ni mwenye bega lililoganda. Huwapata zaidi walio kati ya miaka 40 na 60, na mwenye kisukari yumo hatarini zaidi. Mama anashindwa kujifunga leso kwa nyuma, hawezi kusuka nywele za mwanawe, usiku halali ubavu ule. Ugonjwa huu una tabia ya kupita hatua: kwanza maumivu makali, kisha ugumu, kisha kulegea polepole. Mwendo mzima unaweza kuchukua mwaka mmoja hadi mitatu. Ukimwita mtu wa namna hiyo mara tatu kwa wiki kwa muda wote huo utamfilisi, na bega litafuata mwendo wake. Katika hatua ya maumivu namfundisha kulitunza na kulisogeza bila kulilazimisha, na daktari anaweza kumchoma sindano ya kupunguza maumivu. Tunaonana kila baada ya wiki kadhaa. Ugumu ukianza kulegea ndipo ninapozisogeza ziara karibu, kwa sababu hapo kila nyuzi ya mwendo tunayoipata inabaki.

Wanaohitaji ziara nyingi

Kuna ambao nao sipunguzi hata wakinilalamikia. Aliyewekewa goti la bandia ni mmoja. Wiki 6 za mwanzo ndizo za kugombania mkunjo, kabla kovu la ndani halijawa gumu. Goti likichelewa kufika nyuzi 90, kuketi kwenye kiti cha daladala na kuinuka bila kushikwa mkono huwa shida. Mtu huyu namwita mara 2 au 3 kwa wiki mwanzoni, na nyumbani anafanya kila siku. Baada ya hapo tunapanua: mara moja kwa wiki, kisha mara moja kwa wiki mbili.

Mchezaji kijana aliyekatika kano ya msalaba ndani ya goti na kushonewa mpya, yeye hahitaji ziara za kila siku, anahitaji miezi. Wiki za mwanzo nakutana naye mara kwa mara, baadaye kila wiki mbili, mwisho kila mwezi ili kupima. Mwezi wa tano goti haliumi tena na timu ya mtaani inamwita. Hapo ndipo tunapokosana. Namweleza utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016: kwa kila mwezi ambao mchezaji aliongeza kabla ya kurudi uwanjani, hadi kufikia mwezi wa 9, uwezekano wa kuumia tena ulipungua kwa karibu nusu. Maumivu kuisha na goti kuwa tayari ni vitu viwili. Namtaka aruke kwa mguu mmoja, nipime umbali, nilinganishe na mguu mzima.

Aliyepata kiharusi ndiye anayehitaji wingi kuliko wote. Ubongo hujifunza upya kwa kurudia, maelfu ya mara. Mwongozo wa afya wa Uingereza wa mwaka 2023 unapendekeza tiba ya kurejesha uwezo angalau saa 3 kwa siku, angalau siku 5 kwa wiki, kwa mgonjwa anayeweza kuistahimili, zikijumlishwa tiba za viungo, za kazi za mikono na za kuzungumza. Katika hospitali zetu hakuna mtaalamu anayeweza kukaa na mtu mmoja saa 3. Basi saa hizo zinatoka kwa familia. Namkaribisha binti wa mgonjwa, mke au mpwa, namfundisha kumgeuza, kumketisha, kumsimamisha bila kumvuta ule mkono uliolegea, maana kuvutwa huko ndiko kunakoharibu bega. Namwambia mkono mbovu upewe kazi: kushika sahani isitembee, kupangusa meza, kukunja kanga.

Wingi nao una wakati wake. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, wa wagonjwa zaidi ya 2,000 wa kiharusi katika nchi 5, ulionyesha kwamba kuwainua kwa nguvu na kwa muda mrefu ndani ya saa 24 za kwanza kulipunguza uwezekano wao wa kupona vizuri. Uchambuzi wake ukaonyesha kwamba kunyanyuliwa kwa muda mfupi mfupi, mara nyingi, kuna heri zaidi. Kwa hiyo ndugu wanaofika wodini siku ya kwanza na kutaka mzee atembezwe korido nzima, nawaomba subira.

Kasi ya kurudi kwa uwezo huwa kubwa miezi 3 ya mwanzo, kisha hupungua kuelekea mwezi wa 6. Kupungua kasi kusichukuliwe kuwa mlango umefungwa. Baada ya hapo ziara zinaweza kuwa moja kwa mwezi, lakini mazoezi hayaachwi. Mzee ambaye hakuweza kufunga kifungo mwezi wa sita anaweza kukifunga mwaka wa pili, akiendelea kukijaribu.

Mtoto wa mguu kifundo

Mwenye kutaka kuona kwa macho jinsi kliniki na nyumbani vinavyogawana kazi, atazame watoto wanaozaliwa na mguu kifundo, ule uliopindia ndani. Njia ya kuunyoosha iliasisiwa na Ignacio Ponseti, daktari mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, na leo hutumiwa nchi nyingi, ikiwemo Tanzania; hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa zinazoitumia.

Kwanza mguu unasogezwa kwa mkono na kufungwa hogo, kila wiki, kwa kawaida mara 5 hadi 7. Watoto wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, kisha hogo la mwisho hukaa wiki 3. Hapo mguu umenyooka, na mzazi anaona kazi imekwisha katika miezi miwili au mitatu. Kumbe ndiyo inaanza upande wake: viatu vilivyoungwa kwa kipande cha chuma, saa 23 kwa siku kwa miezi 3, kisha usiku na wakati wa kulala mchana mpaka mtoto afikishe miaka 4 hivi. Kliniki katika kipindi hicho ni ya kukagua tu.

Ninaowaona wakirudi na mguu uliopinda tena, mara nyingi ni wale ambao mtoto alianza kutembea vizuri, bibi akasema viatu vinamtesa mjukuu wake, vikawekwa juu ya kabati. Hakuna idadi ya ziara inayoweza kufidia usiku wa miaka mitatu.

Nauli

Bibi wa Muheza mwenye goti la kuchakaa akija kwangu mara tatu kwa wiki, pesa ya daladala itatoka kwenye sukari. Atakuja wiki ya kwanza, wiki ya pili atakuja mara moja, ya tatu sitamwona, na kwenye daftari ataandikwa mtoro. Mimi husema huo utoro umetengenezwa na ratiba.

"Shikamoo bibi," nilimwuliza bibi mmoja wa namna hiyo, "mjini huja siku gani?"

"Marahaba mwanangu. Nakuja kuchukua dawa za presha, mara moja kwa mwezi."

"Basi na mimi utaniona siku hiyo hiyo."

Katikati ya mwezi mjukuu wake hunirushia video ya bibi akiinuka kitini, namwona, namjibu kwa sauti. Siku hizi simu moja yenye kamera hupatikana karibu kila nyumba, na kwa mtu ambaye nimekwisha kumchunguza kwa mikono yangu, video fupi inaokoa safari. Kwa mgonjwa mpya haitoshi. Huyo lazima aje.

Vifaa pia havimlazimishi mtu kuja. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa kwa urefu hufanya kazi ya mipira ya mazoezi inayouzwa madukani. Kilo ya mchanga ndani ya soksi, ikafungwa kifundoni, ni uzito. Chupa ya maji ya lita moja na nusu ina takriban kilo moja na nusu, na kila mtu anayo. Kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, kwa jinsi kilivyo chini, ndicho kipimo changu cha goti la mwanamke wa pwani: anayeketi juu yake na kuinuka bila kushika ukuta amenipa jibu zuri kuliko mashine.

Ziara iwe na dakika ngapi, na zitumike vipi

Ziara ya kwanza iwe ndefu, dakika 45 hadi saa nzima, kwa sababu ya kuchunguza. Zinazofuata dakika 30 hadi 45 zinatosha watu wengi. Jambo la kuangalia ni kinachofanyika ndani yake. Ukifika, ukalazwa, ukawekewa kitambaa cha moto na nyaya za umeme, ukaachwa nusu saa, kisha ukaambiwa "njoo kesho", uliza. Joto na umeme hupunguza maumivu kwa muda, nami hutumia pale mtu anaposhindwa hata kuanza kusogea. Lakini havijengi msuli wala havikufundishi kupanda ngazi. Vivyo hivyo kukandwa na kuchuliwa: mwili hulegea, usingizi unakuja, kesho yake paja ni dhaifu vile vile.

Ziara yenye maana ina sehemu tatu. Naanza kwa kuuliza na kupima yale yale niliyopima mara iliyopita: mkunjo wa goti, mara ngapi unainuka kitini kwa sekunde 30, umetembea umbali gani. Kisha unanionyesha mazoezi ya nyumbani, nami nayasahihisha. Mwisho tunabadili kitu: uzito unaongezeka, zoezi jepesi linaondoka, linakuja gumu zaidi. Kama hakuna cha kubadili, ziara hiyo ilikuwa mapema mno, na inayofuata isogezwe mbele.

Wengi huniuliza kuhusu maumivu. Kanuni ninayowapa ni rahisi: katika kipimo cha sifuri hadi kumi, maumivu yasiyozidi tano wakati wa zoezi yanavumilika, mradi yameshuka ifikapo kesho yake asubuhi. Yakiamka nawe, au kiungo kikavimba, punguza uzito au idadi, usiache kabisa. Kanuni hii si ya aliyetoka kushonwa wala aliyevunjika juzi. Hao wana masharti ya daktari wao wa upasuaji.

Lini useme basi

Mazoezi ya viungo yana mwisho, na mtaalamu mzuri huutaja siku ya kwanza. Mwisho ni kazi, nami hupenda itajwe kwa lugha ya mgonjwa: kusujudu na kuinuka, kuchuchumaa chooni, kupanda daladala lenye ngazi ndefu, kutweka tanga, kushinda juu ya pikipiki bila kiuno kufa ganzi. Ukiyafikia na ukaweza kujiendesha mwenyewe, tumeachana kwa heri. Mazoezi yanabaki, ziara zinaisha.

Kuna mwisho mwingine ambao watu hawauzungumzi. Kama umekuja wiki 4 hadi 6, ukafanya ya nyumbani kwa uaminifu, na vipimo havijasogea hata kidogo, kuendelea vile vile ni kupoteza pesa. Pengine utambuzi wa mwanzo haukuwa sahihi, pengine zoezi halifai, pengine unahitaji picha nyingine au daktari mwingine. Aliyepata kiharusi au mwenye bega lililoganda namtoa katika kanuni hii, kwa sababu mwendo wao ni mrefu kwa asili. Wengine wote wana haki ya kuuliza kwa nini hakuna mabadiliko.

Na wapo wanaoacha mapema kwa sababu maumivu yameisha. Hao ndio ninaowaona tena mwaka unaofuata, na goti lile lile. Maumivu huondoka kwanza, nguvu hufika mwisho. Kati ya siku mbili hizo kuna wiki kadhaa za kazi isiyouma wala kufurahisha, na hapo ndipo wengi hukatia.

Kwa hiyo siku ya kwanza, kabla hujainuka kitandani kwa mtaalamu, mwombe akuandikie mambo matatu nyuma ya kadi yako: nifanye nini nyumbani na siku zipi, niwe naweza nini tutakapoonana tena, na tutajuaje kwamba tumemaliza. Baada ya hayo mweleze siku zako na nauli yako bila haya, mkubaliane. Akikupa tarehe kumi za kuja bila majibu hayo, mwulize tena kabla hujalipia ya pili.